Video ya Giaboksi Ambayo Sikuposti

Niko na video kwa simu, dakika moja na sekunde 40. Nimesimama nje ya geti la kampuni iliyomuuzia baba yangu lori, macho mekundu, naongea haraka mpaka maneno yanagongana. Jina la kampuni nimelitaja mara sita, nimehesabu. La meneja pia limo. Mwanga ulikuwa poa, sauti safi, na hasira ilikuwa ya ukweli kabisa. Kama unanifuata hapa, unajua hiyo kitu ingetembea. Na wale mlioona nikiandika "subirini jioni", bado mnaniuliza kwa inboksi ilienda wapi.

Haikuenda popote. Wacha niwaambie kwa nini, kwa sababu naona rika letu limejifundisha njia moja tu ya kudai haki, na hiyo njia ilikaribia kutuharibia kila kitu.

Tuanze na lori yenyewe. Baba amekuwa dereva miaka 19, na yote hiyo akiendesha magari ya wenyewe. Anabeba mawe ya Ndarugu, yale yanayokatwa na mashine. Hata kama hujui jina, unayajua: ukitembea Ruiru, ploti moja baada ya nyingine imejengwa nayo. Anapakia kwari huko kati ya Juja na Thika, anashusha Kimbo, Membley, Murera, Kamakis, popote mtu ameamua kuongeza ghorofa. Mwaka juzi, mwezi wa Februari, alichukua mkopo wa benki, akatoa akiba yake yote ya Sacco ikawa malipo ya kwanza, akanunua lori mpya. Si mtumba. Mpya, plastiki bado iko kwa viti.

Sababu ya kununua mpya ilikuwa moja: waranti. Miaka miwili au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia. Alisema amechoka kulala chini ya gari la mtu na tochi mdomoni usiku wa manane. Benki nayo inataka shilingi 128,000 kila tarehe tano, lori iwe imetembea ama imelala.

Ilianza kusumbua kabla hata haijafika kilomita 4,000. Gia ya nne ilikuwa inaruka. Kwa wale hawajawahi kaa ndani ya lori: uko kwa mlima na mzigo, umeweka nne, umetulia, halafu kile kijiti kinarudi katikati chenyewe. Injini inapiga kelele bure, lori iliyojaa mawe inaanza kupoteza mwendo, na nyuma yako kuna matatu imekukaribia hadi huoni namba yake kwa kioo. Ukiwa unateremka ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa mteremko gia ndiyo inakusaidia kuushikilia mzigo. Ikitoka, umebaki wewe, breki na Mungu. Baba alianza kuendesha na mkono mmoja kwa usukani, ule mwingine ameukandamiza kwa kijiti cha gia, kama mtu ameshika mlango usifunguliwe.

Tukaenda kwa dila mwezi wa Mei, siku ya sevisi ya kilomita 5,000. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake. "Mzee, gari mpya lazima izoee." Baba akakubali. Mara ya pili wakabadilisha oili ya giaboksi. Mara ya tatu wakakaza waya zinazounganisha kijiti na giaboksi. Kila mara walikuwa wanaitoa kidogo, wanazunguka nayo, wanarudi: "Tumeitesti, iko sawa." Kila mara baba alikuwa anasaini jobukadi bila kuisoma, kwa sababu alikuwa na wateja wanamngoja na mawe.

Shika hapo kwa jobukadi, tutairudia.

Kuna fundi mmoja hapa Ruiru, mzee wa jua kali, amefungua giaboksi nyingi kabla mimi sijazaliwa. Ukiwa Thika na Ruiru hukosi watu kama hawa. Thika ni mji wa magari tangu zamani, kile kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kimeunganisha malori hapo tangu miaka ya sabini. (Yetu haikutoka hapo, msianze maneno kwa komenti.) Fundi akapanda na baba, wakaenda safari moja na mzigo. Aliposhuka aliuliza swali moja: "Walipomwaga oili, walikuonyesha ile nati ya chini?"

Kumbe nati ya kumwagia oili ina sumaku. Giaboksi ikiwa mpya, sumaku hushika unga wa chuma, laini kama masizi, na hiyo si shida. Ukipata vipande unavyoweza kushika kwa kidole, kuna kitu kinakulana ndani. Baba hakuwa ameonyeshwa chochote.

Mimi nikasema basi tuifungue tuone. Fundi akaficha mikono nyuma, kweli kabisa, kama mtoto ameambiwa asiguse sufuria. "Mami, mimi nikiweka spana hapa, waranti imekufa. Na watasema ni mimi niliharibu." Hakutaka hata pesa ya soda. Lakini aliacha neno moja lililotusaidia kuliko ziara zote tatu: "Hao wanaitesti tupu. Ikiwa tupu, hata punda mgonjwa anapanda mlima."

Mara ya nne wakakaa na lori siku tisa. Siku tisa, wasee. Hesabu benki, hesabu tanboi ambaye analipwa kwa siku na ana watoto. Siku ya kuichukua karatasi ilisema "imekaguliwa, hakuna kasoro". Tulipakia Ndarugu kesho yake asubuhi. Haikutoka hata nje ya kwari kabla gia iruke.

Hiyo ndiyo siku ya video.

Nilirudi pale getini peke yangu, nikarekodi, nikakata, nikaweka maandishi, nikaandika "subirini jioni". Nikamwonyesha baba nikidhani atafurahi. Aliangalia yote. Baba huniita maitu kwa sababu nimebeba jina la mamake, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua ameshaamua. "Maitu, ukimtukana mtu mbele ya watu, atatengeneza jina lake kwanza. Lori yangu itangoja."

Nilikasirika. Nilimwambia hajui vile mambo huenda siku hizi. Lakini usiku nikakumbuka ukweli ambao sikuwa nataka kuukumbuka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeitagi kampuni nyingine juu ya simu iliyokufa ndani ya mwezi mmoja. Walinijibu chini ya nusu saa, na maua na mikono ya kuomba: pole sana, tutumie namba yako kwa faragha. Nikatuma. Nyinyi mkanipongeza, mkasema nimewanyoosha. Hiyo simu mpaka leo iko kwa droo, imekufa vilevile. Yule anayejibu mtandaoni kazi yake ni kuzima moto wa mtandaoni, na akishauzima amemaliza. Hajawahi kushika spana na hawezi kumtuma mwenye spana. Juu ya hiyo nilikuwa nimemtaja meneja kwa jina na kumwita mwizi, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha ameiba nini. Wakili wao angenishukuru.

Kwa hivyo nikafanya kitu cha kuboesha sana. Nikasoma kile kijitabu cha waranti, chote, kurasa 46. Hakuna mtu nyumbani alikuwa amekifungua tangu Februari.

Kinachouma ni kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Ukiona kasoro uripoti mara moja. Sevisi zote zifanyiwe kwao. Kubeba kupita kiasi kunavunja waranti. Hasara ya biashara wakati gari liko karakana si shida yao. Na sehemu ikibadilishwa, hiyo mpya inafuata muda uliobaki wa waranti ya zamani, haianzi upya. Yaani saa inahesabu hata gari likiwa limelala kwao. Dila haitaji kukukatalia. Inatosha kukuambia "iko sawa" mara nne, na miaka miwili inaisha yenyewe. Sisemi walipanga hivyo. Nasema hata bila mtu kupanga, mambo huishia hapo.

Upande wetu pia kuna maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mteja ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kufidiwa kama kasoro imemletea hasara. Kuna sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ya tangu ukoloni, inayotaka kitu ulichouziwa kifae kazi uliyosema unakinunulia. Na dila alijua kazi: kwa fomu ya kununua baba aliandika "kubeba mawe ya ujenzi".

Nikaandika barua, ukurasa mmoja. Hakuna tusi, hakuna "mnatuibia". Tarehe nne, kilomita nne, walichosema kila mara. Kisha tunachotaka: lori itestiwe ikiwa na mzigo halali, mahali inapokataa, baba akiwa ndani. Malalamiko yaandikwe kwa jobukadi kwa maneno yetu, si yao. Tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo tunaenda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ile ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wateja. Nilipeleka nakala mbili. Moja nikawaachia, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Yule dada wa mapokezi alisita kidogo na muhuri mkononi. Hapo ndipo nilijua sasa tunaongea lugha yao.

Jibu lilikuja siku ya sita, na halikuwa zuri. Walisema gia kuruka ni dalili ya kubeba kupita kiasi, tulete ushahidi kwamba hatujawahi.

Baba huweka kila karatasi kwa mkebe wa biskuti chini ya kiti. Mlikuwa na risiti 11 za mizani ya Juja. Kumi zilikuwa safi. Moja, ya mwezi wa Juni, ilikuwa imepita.

Nilimwangalia, akaangalia ukuta. Kulikuwa na mteja ana haraka, akasema, na mwezi ulikuwa mbaya. Nikamwambia tupeleke kumi, hakuna mtu atajua. Sitawaficha, nilikuwa namaanisha. Alichukua ile ya 11 akaiweka juu ya zingine. "Hii pia ni yetu." Akaenda kulala.

Ikatugharimu. Dila aliishikilia hiyo risiti moja wiki mbili nzima kama ndiyo lori yote. Swali likabaki moja: gia ilianza kuruka kabla ya Juni ama baada? Sisi tulijua ni kabla. Lakini ile jobukadi ya Mei, ile baba alisaini akikimbia, ilikuwa imeandikwa maneno matatu tu, "sevisi kilomita 5,000". Juu ya gia, hakuna hata herufi. Kwa karatasi, baba hakuwahi kulalamika kabla ya Juni. Kijana wa mapokezi alisikia, akatikisa kichwa, akasema lazima izoee, na hakuandika. Hilo ndilo bado linaniuma kuliko siku tisa.

Halafu nikakumbuka Aprili.

Aprili nilikuwa nimeposti "Siku Moja na Baba Barabarani". Watazamaji 900 hivi, wengi ni binamu zangu. Lakini nilikuwa nimerekodi karibu saa mbili, na sehemu ya kupanda kutoka kwari nilikuwa nimeikata kwa sababu niliona haina maana. Nikatafuta faili nzima. Iko pale: dashibodi inasoma kilomita 3,812, kijiti kinaruka, baba anakirudisha akisema "hii imeruka tena", na mimi nyuma ya kamera nacheka. Tena, alisema. Tarehe iko ndani ya faili, miezi miwili kabla ya ile risiti mbaya.

Hiyo video ndiyo nilituma. Sekunde 31, kwa barua pepe, kwa watu watatu. Hakuna muziki.

Wiki iliyofuata dila alimtuma msimamizi wa karakana mwenyewe Ndarugu. Mzee mtulivu, ovaroli imefuliwa hadi rangi ikaisha. Lori ilipakiwa kiasi halali, futi zikahesabiwa mbele yake. Baba akaendesha kwanza, ikaruka. Msimamizi akasema wabadilishane. Akapanda mara tano kutoka chini ya kwari, mimi nimesimama kwa vumbi nahesabu kwa vidole. Ikaruka mara tatu chini ya mkono wake mwenyewe. Akashuka, akapangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Ifunguliwe."

Nampa heshima yake kwa kilichofuata: alituita tuone ikiwa wazi juu ya meza. Meno ya gia ya nne yalikuwa yamekulana kwenye kingo, mviringo kama meno ya ng'ombe mzee, na ile uma inayoisukuma gia ilikuwa imelika upande mmoja. Akatuonyesha sababu. Kuna pete nyembamba ya chuma inayowekwa kwenye shafti ili gia isicheze huku na huku. Iliyowekwa haikuwa ya unene unaofaa, kwa hivyo gia ilikuwa na nafasi ya kutembea, na mzigo ukiivuta inatoka. Baba akauliza kama mzigo wa Juni ungeweza kufanya hivyo. Msimamizi akasema hiyo pete inawekwa kiwandani, dereva hawezi kuifikia hata akitaka.

Ofisi ilitaka kubadilisha gia moja na uma peke yake. Ni msimamizi aliyekataa: vipande vya chuma vimezunguka na oili miezi yote hiyo, vimeingia kwa beringi. Giaboksi nzima, basi. Ikachukua siku 24 kuletwa. Tukaomba waranti yake ihesabiwe upya kuanzia siku ya kufungwa, si ule muda uliobaki wa lori. Barua tatu zaidi. Tukapata, na sahihi.

Hasara ya hizo siku zote hatukulipwa, hata senti. Baba alikopa kwa ndugu zake mara mbili ili benki isije. Mimi nilitaka twende Mahakama ya Madai Madogo. Inashughulikia madai hadi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Hasara yetu ilikuwa chini ya hapo, na karatasi tulikuwa nazo zote. Baba alikataa. Alisema bado atawapelekea lori sevisi, na hataki ifunguliwe na watu wanaomchukia. Mimi naona alikosea. Tumebishana juu ya hilo mezani mara nyingi, na mama huondoa sahani tukiwa bado tunabishana.

Jina la kampuni msiniulize. Baba alimpa msimamizi neno lake kwamba sitalitaja, na neno la baba limenifunga mimi pia. Mkitaka kitu cha kubeba, bebeni hiki: mkipeleka chochote kutengenezwa, pikipiki, kompyuta, friji ya mama, usisaini mpaka shida yako iandikwe vile wewe uliisema, na upige picha hiyo karatasi kabla hujatoka mlangoni. Inachukua dakika mbili. Sisi ilituchukua kutoka Mei hadi Novemba.

Wiki jana nilipanda naye tena, tukatoka Ndarugu na mzigo wa Kamakis. Mlima ule ule. Akaweka nne, ikakaa. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, redio iko chini, tanboi amelala na mdomo wazi. Nikaangalia mkono wa baba wa kushoto. Ulikuwa bado juu ya kijiti, umekandamiza, mishipa imetoka.

Nikamwambia, "Baba, toa mkono. Imepona."

"Najua," akasema. "Wacha kwanza tufike juu."